Baba wa Kitambaa

Robi,

Barua huanza kwa mwandishi kusema yeye mzima, hofu ni kwa mwenzake aliye mbali. Mimi leo siwezi kuanza hivyo. Nina hasira tangu jana saa saba mchana, na wewe hata mbali hujafika. Umekwenda Sirari kumuaga shangazi yako, utarudi jua likizama, na kesho asubuhi unaondoka. Nimekaa jikoni, maharage yako motoni, naandika upesi kabla hujaingia na kuniuliza, "Mama, mbona umenuna?" Ndiyo, nimenuna. Soma ujue sababu.

Mambo ya kuchemsha maji, chandarua na kuamkia wakubwa umeshaambiwa na watu wa kutosha, wengine mara tatu. Mimi nataka tuzungumze habari ya blanketi langu la kufundishia.

Jana baada ya ibada Mzee Magige alisimama mbele ya kanisa zima, na uzee wake wa kanisa na suti yake ya kahawia, akakukabidhi bahasha kubwa ya picha za kununua mjini, zile zilizofunikwa plastiki. Alisema kanisa linakupa vifaa vya kazi huko Kisaka unakokwenda kufundisha chekechea na nyimbo za watoto wa Jumapili. Ukazitoa moja moja, ukaziinua watu wazione. Ya kwanza ilikuwa ya familia: baba amevaa shati jeupe, mama gauni la maua, mtoto wa kiume, mtoto wa kike, na mbwa aliyeogeshwa. Nyuma yao nyumba yenye bomba la moshi juu ya paa. Mimi niko benchi la pili, najiuliza Kisaka nzima nani ana bomba la moshi. Ndipo Mzee Magige akakutania, "Na lile blanketi la mama yako je, tulifungashe?" Nawe ukajibu kwenye kipaza sauti, "Lile abaki nalo mama, linanuka moshi."

Kanisa likacheka. Mimi pia nilicheka, maana mtu akitaniwa mbele za watu akanuna, wanasema hana akili.

Linanuka moshi! Linanuka moshi kwa sababu limetundikwa jikoni miaka kumi na saba likingoja Jumapili, na moshi huo ndio uliopika ugali uliokukuza mpaka ukapata mdomo wa kunisema. Leo asubuhi nimelikuta kitandani kwako, limekunjwa pembe kwa pembe, kama nguo za marehemu. Vipande vyake vyote vya kubandika umevitia kwenye kiroba ukafunga fundo.

Nikuambie kweli, hasira ya moshi ingekwisha kabla maharage hayajaiva. Kinachonichoma ni ile picha ya kwanza. Wewe, Robi, kati ya watu wote wa Nyarero, uliinua ile picha ukatabasamu, tena kwa mkono uleule niliouchapa mimi. Habari hiyo hatujaigusa tangu ulipokuwa na miaka sita. Nilinyamaza nikidhani umesahau. Jana nilipoona lile tabasamu nikajua hukusahau chochote. Umejifunza tu kutabasamu panapotakiwa, na aliyekufundisha ni mimi.

Ngoja nisogeze kuni.

Nimerudi. Hujawahi kusikia kwa kinywa changu jinsi nilivyofika katika nyumba hii. Umesikia kwa majirani, na majirani huongeza chumvi. Bhoke, mwenye nyumba hii, alikuwa mjane. Alizaa mabinti watupu, shangazi yako wa Sirari mmojawapo, wote wakaolewa, na kwa mila yetu nyumba isiyo na mtoto wa kiume hufa pamoja na mwenyewe. Basi akafanya walichofanya wanawake wa Kikurya wa hali yake tangu zamani: akatoa ng'ombe wake mwenyewe, akaoa mke. Hiyo ndiyo nyumba ntobhu, na mke huyo ni mimi. Sikuulizwa. Mzazi wangu alipokea ng'ombe asubuhi, na jioni nilikuwa hapa na sanduku langu la bati, macho yamevimba. Makubaliano yalikuwa haya: watoto nitakaowazaa watakuwa wa nyumba ya Bhoke. Mwanamume wa kuzaa naye nitamchagua mwenyewe, wala hatakuwa na dai. Kwa hiyo huyo usimtafute humu kwenye barua. Hana ubaya, hana nafasi tu.

Mwaka wa kwanza nilimchukia Bhoke kwa bidii. Nilimpikia ugali mbichi makusudi. Aliula wote, akajipangusa, akasema kwa Kiswahili chake kisicho na herufi l, "Umejitahidi, rakini kesho ongeza kuni." Nilingoja anipige. Nilitoka kwa mzazi aliyepiga kwanza ndipo akauliza, kwa hiyo nilingoja sana. Hakunipiga siku hiyo wala siku nyingine yoyote. Chuki ikaanza kunichosha mwenyewe, maana kumchukia mtu asiyekusaidia kumchukia ni kazi ngumu.

Ulipozaliwa, yeye ndiye aliyekukata kitovu. Mgongoni mwake ulilala zaidi kuliko mgongoni mwangu. Ulipoanza kusema, ulituita wote wawili bhaabha. Mimi bhaabha mdogo, yeye bhaabha mkubwa. Mtoto wa Kikurya anajua kabla hajatembea kwamba bhaabha ni mama na tata ni baba. Kiswahili kinakuja baadaye, cha shule na cha kanisa, na kinakuja na neno lilelile limegeuzwa kichwa chini. Mimi nilijua hilo. Nilikuwa mwalimu, nami ni Mkurya, nilipaswa kujua kuliko wote, na ndiyo maana sina pa kujificha.

Lakini sijafika huko. Kwanza ujue nilivyoingia kanisani. Ulikuwa hujatimiza miaka mitano nilipoomba kubatizwa. Mzee Magige akanihoji mbele ya wazee wenzake. "Unaishi na nani?" akauliza, na alikuwa anajua, kila mtu alikuwa anajua. Nilielewa jibu lipi litanipitisha na lipi litanirudisha nyumbani. Nikasema, "Naishi na bibi mmoja mjane, namtunza." Wazee wakatikisa vichwa kwa kuridhika.

Dirisha lilikuwa wazi. Bhoke alikuwa amekaa kwenye nyasi nje ya dirisha hilo, amekupakata, maana ndiye aliyenisindikiza. Tulipofika nyumbani akakutua chini, akanitazama tangu miguuni hadi kichwani.

"Kumbe ni wewe unanitunza," akasema. Kisha akaenda kukamua.

Nilipewa darasa la watoto kwa sababu nilimaliza la saba na nina sauti. Wimbo wa kwanza niliowafundisha ni huu unaoujua, na sasa utanisamehe nikiuandika, maana neno moja ndani yake ndilo lililotuumiza:

Nyumba ya Baba ni kubwa,
Mlango wake u wazi,
Jina langu analijua,
Tutakula naye mezani.

Waliuimba vizuri mno. Miezi miwili waliuimba, nami nikajisifu. Tulikuwa karibu na uchaguzi, magari ya kampeni yanapita na vipaza sauti. Jumapili moja Mwita wa jirani akanyoosha kidole. "Mwarimu, sasa siku hiyo tukifika kwa Baba, tutamchagua nani?" Sikuelewa. Akaimba mstari wa mwisho anisaidie: "Tutakura naye mezani." Watoto wote walikuwa wanakwenda mbinguni kupiga kura! Mwenzake akaongeza kwamba meza ndiyo ya kuwekea sanduku. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Halafu kicheko kikaniishia ghafla, kwa sababu kwa miezi miwili nilikuwa nimewafundisha kelele na kuziita wimbo.

Ndipo nikaanza picha. Karatasi ililoa, mkaa ulifutika, gundi ya unga wa muhogo ililiwa na mende. Nilimlalamikia Bhoke, yeye ambaye hakuwa na haja hata kidogo na kanisa langu. Alikuwa na mablanketi mawili. Akaenda akaleta lile zito la sufu, la mistari, akalitupa mapajani mwangu. Nikamwambia Julai itamuua kwa baridi. "Mimi nina mafuta mwirini," akasema. Hakuwa nayo, ulimwona mwenyewe alivyokuwa mwembamba.

Sweta kuukuu linashika blanketi la sufu bila gundi, nani asiyejua, lakini mimi niligundua siku hiyo na nilipiga kelele kama nimeokota dhahabu Nyamongo. Nyumba nilikata kwenye gunia, nikaishonea sweta nyuma. Mlango nikautia uzi upande mmoja ufunguke kweli. Meza ya sweta la kahawia, ugali wa pamba, mtoto mwenye nywele za ndevu za mahindi. Na Baba nikamkata kwenye shuka jeupe, nikambandika ndevu za pamba, kama alivyokuwa kwenye kalenda ya Mzee Magige. Mstari ukiimbwa, mtoto mmoja anatoka, anachukua kipande, anakibandika mahali pake. Asiyejua kusoma alisoma. Mwita alipobandika ule ugali juu ya meza, alinigeukia akasema, "Kumbe ni kura ya kutafuna!" Hata leo anaongoza kwaya yule, na bado anatamka r.

Sasa sikiliza vizuri. Bhoke alikuwa anakuja kukuchukua, anakaa nje akisubiri tumalize. Siku moja tukiwa njiani alikuwa anacheka peke yake. Nikamwuliza anacheka nini.

"Hao warokore wako wananisifu," akasema. "Nyumba ya bhaabha ni kubwa! Nani amewaambia? Mrango uko wazi, ni kweri, tangu mbuzi waripouvunja sijautengeneza."

Alifuta machozi kwa pembe ya kanga yake nyekundu. Wewe ulikuwa katikati yetu, umemshika mkono, unamtazama kwa macho makubwa. Ulimwamini. Mimi niliona kwamba umemwamini, na sikukueleza kitu, kwa sababu ilikuwa inachekesha na kwa sababu nilikuwa na haraka ya kupika.

Jumapili iliyofuata Mzee Magige alikuja kukagua darasa. Alikaa nyuma kabisa, miguu mirefu kwenye kibenchi cha watoto. Nilitaka aone kazi yangu. Nilitaka anisifu, Robi, niandike hivyo bila kupamba. Mstari wa kwanza nikauliza, "Nani ataniletea Baba?" Ukaruka wewe. Ukaipita ile picha ya shuka jeupe kana kwamba haipo. Ukaingiza mkono mfukoni, ukatoa kipande chako mwenyewe: mwanamke mdogo wa kanga nyekundu, umemkata kwa mkasi wangu wa kushonea, mguu mmoja mrefu kuliko mwingine, umemshonea sweta nyuma kwa mishono yako ile ya kuku. Ulikuwa umeiba pembe ya kanga ya Bhoke. Ukambandika mlangoni, katikati, ukarudi nyuma hatua moja uone kama amenyooka. Hakuna mtoto aliyecheka. Waliendelea kuimba. Kwao ulikuwa umepatia.

"Huyo ni nani?" Mzee Magige akauliza.

"Shikamoo," ukasema kwanza, kama nilivyokufundisha. "Huyu ni bhaabha. Bhaabha mkubwa."

"Baba ni mwanamume," akasema. "Na wewe kwenu hakuna. Mwalimu, toa hicho kitu."

Hapo ndipo ningepaswa kusema. Maneno yalikuwepo, mafupi tu: kwa Kikurya mtoto amesema kweli, na kwa nyumba yetu amesema kweli mara mbili. Mzee Magige mwenyewe ni Mkurya. Alimwita mama yake bhaabha mpaka anamzika. Alielewa kabisa ulichofanya, na hilo ndilo linalonifanya nimchukie hadi leo, Mungu anisaidie au asinisaidie. Lakini yeye hakukugusa. Aliyeinuka ni mimi. Nilikibandua kile kipande, nawe ukaukamata mkono wangu kwa nguvu zako zote za miaka sita, na mimi nikakuchapa kwenye kiganja mbele ya wenzako. Kisha nikabandika yule wa ndevu za pamba na nikasema, "Tuimbe tena, watoto." Wakaimba tena. Wewe hukuimba.

Na sikuishia hapo. Tulipofika nyumbani nilikitupa kipande chako motoni, hapa hapa kwenye mafiga haya, ukiwa unatazama. Kana kwamba Mzee Magige hakutosha kanisani, nikamfanyia kazi yake nyumbani pia. Bhoke akaingia kutoka zizini kuuliza nani analia. Unakumbuka ulichomwuliza? Mimi nakumbuka kila siku. "Bhaabha mkubwa, kwa nini Mungu hakutaki mlangoni?"

"Mwambie Mungu wa mama yako asihangaike," akasema. "Mimi mrango ninao." Kisha akanigeukia mimi. "Nenda ukachote maji." Maji yalikuwepo, mtungi ulikuwa umejaa. Nilichukua ndoo nikaenda.

Mwaka mzima hukuimba. Ulikuwa unafungua mdomo na kuufunga, watu wasijue, lakini mama anajua. Mimi nikamtoa yule Baba wa shuka kwenye kiroba, nikamkatakata, nikamfanyia vitambaa vya kusugulia vyungu. Tangu siku ile mlango wa kwenye blanketi ukabaki mtupu. Nikifika mstari wa kwanza nafungua mlango, hakuna mtu, tunaendelea. Na unajua kilichotokea? Mzee Magige akanisifu! Alisimama kanisani akasema mwalimu wetu ana hekima, hamchori Mungu asiyeonekana. Watu wakasema amina. Nami nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu, nikapokea sifa zile kwa mikono miwili. Miaka kumi na sita naitwa mwenye hekima kwa ajili ya woga.

Bhoke alipokufa, mvua za mwaka juzi, Mzee Magige alikuja msibani. Hakuomba, akisema marehemu hakuwa wa kundini. Nyama ya ng'ombe wa marehemu alikula, tena alifungiwa nyingine ya nyumbani. Akanipa mkono wa pole. "Pole sana kwa kumpoteza yule bibi uliyekuwa unamtunza," akasema. Maneno yangu mwenyewe, aliyatunza miaka yote hiyo akanirudishia juu ya kaburi. Ulikuwa umesimama kando yangu, ulisikia. Na ulisikia nilivyojibu. Nilisema, "Asante."

Nimeandika mpaka hapa, na maharage yameungua chini. Usiseme kitu ukiyaonja.

Sasa nikuambie usilolijua. Siku ya tatu baada ya maziko nilikuwa napanga vitu vyake. Si vingi, unavijua. Kulikuwa na lile kopo lake la ugoro, ambalo hakuna aliyeruhusiwa kuligusa, hata wewe uliyeruhusiwa yote. Nikalifungua nikidhani nitakuta ugoro. Ugoro ulikuwepo kidogo pembeni. Katikati alikuwepo yule mwanamke wako wa kanga nyekundu, amekunjwa mara mbili. Upindo wa chini umeungua, mguu mrefu umekuwa mfupi, sasa miguu yote miwili ni sawa. Kumbe ndiyo maana nilitumwa maji. Alimtoa motoni kwa vidole vyake, na ile alama aliyokuwa nayo kidoleni, aliyoniambia ni ya sufuria, haikuwa ya sufuria.

Alimtunza miaka kumi na minne asinionyeshe. Hakutaka kunisuta. Au alijua siku ile singestahili kuonyeshwa, sijui, na siwezi tena kumwuliza. Na mimi tangu mwaka juzi nimekaa na kopo hili kwenye sanduku langu la bati, nikijiambia nitakuonyesha Krismasi, nitakuonyesha ukimaliza chuo, nitakuonyesha siku ya kuondoka. Jana ulipoinua ile picha ya plastiki nikatamani ningekuwa nalo lile kopo, nisimame benchi la pili nilirushe limpate mtu kichwani. Sijui ningemlenga nani kati yenu wawili. Au mwenyewe.

Sikuambii uzirudishe picha za Mzee Magige. Nenda nazo, mvua haiziharibu, na mbwa yule watoto watampenda. Wala sikuambii utangaze habari zetu Kisaka. Ni zako, utazitoa au utaziweka. Ila wewe unakwenda kusimama mbele ya watoto ambao nyumbani kwao wana lugha nyingine, na huko nako kuna nyumba za kila namna: za bibi na wajukuu, za kaka mkubwa na wadogo zake, na za akina sisi pia, usidhani mila imeishia mtoni Mara. Utafundisha wimbo, utaufikia mstari wenye Baba, utauliza nani ataniletea. Na mtoto mmoja ataingiza mkono mfukoni.

Kosa langu lilianza hapo, kabla ya kofi, kabla ya moto. Niliuliza swali huku jibu nimeshalikata kwa mkasi na kulibandika ndevu. Mengine yote yalifuata kwa urahisi. Ndiyo maana ile picha ya familia imenitia kichaa, mwanangu. Mle ndani kila mtu ameshapata nafasi, mpaka mbwa. Hakuna pa kubandika mtu.

Na umejua kunikasirikia kwa namna yako, kimya kimya, kwa miaka yote. Ungeniuliza! Ungenipigia kelele hata mara moja, ningejua pa kuanzia. Lakini ulijifunza kwangu kunyamaza, basi nani wa kumlaumu. Nikikasirika sana na wewe huwa najikuta nimejikasirikia mimi, na hapo naongea kwa ukali zaidi ili usitambue. Sasa umetambua.

Nimelifungua lile blanketi ulilokunja. Nimelianika juani mchana kutwa, limepungua moshi kidogo, lakini halitaisha kabisa, wala nisikudanganye. Nyumba nimeibandika mahali pake, nikafungua mlango, na mlangoni nimembandika anayestahili. Sweta ulilomshonea nyuma bado linashika, ile mishono ya kuku haijaachia hata mmoja. Nimelikunja tena pembe kwa pembe, kama ulivyolikunja, nikaliweka palepale kitandani. Usipolichukua sitakufuata stendi ya Tarime nikilia na blanketi mkononi. Nitalitundika jikoni, na Jumapili nitalipeleka darasani hivyohivyo na mtu wake mlangoni, Mzee Magige akiwepo au asiwepo. Nikiulizwa huyo ni nani, safari hii nitajibu. Nimechelewa miaka kumi na sita, lakini sauti ninayo.

Ila naomba ulichukue wewe. Mimi nitakata mwingine, kanga yake ipo.

Nasikia mlango wa uani, umerudi. Naacha hapa.

Ni mimi, bhaabha mdogo.
Mkubwa yumo ndani ya blanketi.